Wahakiki walimtazama mtu, mti ukawapita

Mwezi wa tano mwaka 2017, Wiki ya Wahakiki, ambayo huandaliwa sambamba na tamasha la filamu la Cannes, ilitoa tuzo yake kuu kwa filamu ambayo watu wake wanaongea Kiswahili cha Katanga. Inaitwa Makala. Aliyeitengeneza ni Mfaransa Emmanuel Gras, na anayeonekana ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho ni Kabwita Kasongo, kijana wa kijiji cha Walemba, upande wa Kolwezi. Kisa chake kinasimuliwa kwa pumzi moja: mtu anakata mti, anauchoma upate kuwa makala, yaani makaa ya kuni, anayapakia magunia kwenye baiskeli, anaisukuma kilomita 50 hivi hadi mjini, anauza. Hakuna msimulizi, hakuna mtaalamu aliyeketishwa mbele ya kamera kutoa takwimu, na kwa muda wa saa moja na nusu hakuna jambo linaloharakishwa. Watazamaji wa Ulaya waliipokea kama shairi la juhudi za binadamu. Ukiitazama ukiwa Lubumbashi, mji ambao kila siku unapika bukari (ugali) kwa makala, unaona filamu nyingine ndani ya ileile: filamu ya janga linalokuja. Hoja ya maandishi haya ni kwamba wahakiki wengi walioisifu Makala waliusifu utaratibu wake, yaani mwendo wake wa polepole, bila kuona utaratibu huo ulikuwa unawaonyesha nini.

Sifa zenyewe zilikuwa za haki. Kamera aliishika Gras mwenyewe, na inatembea nyuma ya Kabwita, kandoni mwake, wakati mwingine karibu kabisa na mabega yake, hadi mtazamaji anaanza kupumua kwa mwendo wa anayesukuma. Muziki wa seli wa Gaspar Claus unaingia mara chache na hauwalazimishi watu kulia. Vumbi la barabara limepigwa picha kwa namna ambayo taa za malori usiku zinalifanya lionekane kama ukuta. Wahakiki waliyaandika haya yote, na katika kutafuta jina la kumpa Kabwita, jina lililojitokeza tena na tena lilikuwa la Sisifo, yule mfalme wa hadithi za Kigiriki aliyehukumiwa na miungu kusukuma jiwe hadi juu ya mlima, likafika likaporomoka, akaanza upya, milele. Ni rahisi kuona kwa nini jina hilo lilikuja haraka, maana mtu anasukuma mzigo na njia inapanda. Ila mfano huo una kasoro kubwa ambayo inaharibu usomaji mzima wa filamu. Jiwe la Sisifo haliishi. Mlima wake hauliki. Adhabu yake inaweza kudumu milele kwa sababu hakuna kinachopungua. Mzigo wa Kabwita ulikuwa mti uliosimama, na mti huo ukishauzwa kwa magunia haurudi kilimani kesho asubuhi kumngoja.

Irudie ile sehemu ya mwanzo. Kabwita anatembea alfajiri akiwa na shoka zake begani, katika nchi iliyo wazi, nyasi kavu pande zote, na mti anaouendea ni mkubwa kuliko vyote vinavyoonekana. Anaanza kukata. Gras haruki hata hatua moja kubwa ya kazi hiyo: shoka linaingia, vipande vinaruka, mtu anapumzika, anabadili upande, anarudi. Muda unavyokwenda, mtazamaji anapata kitu ambacho picha ya haraka isingempa, yaani kipimo cha mti. Unaanza kuelewa unene wake kwa idadi ya mapigo unayoyasikia. Na unapoanguka, mahali ulipokuwa pamebaki anga tupu. Kisha linafuata tanuru. Magogo yanapangwa, yanafunikwa kwa nyasi na udongo, yanawashwa, na kwa siku kadhaa mtu anakaa akililinda rundo linalofuka moshi, akiziba kila ufa unaotokea, kwa sababu hewa ikiingia kwa wingi kuni zinageuka majivu na kazi yote imekwenda bure. Tanuru la udongo la aina hiyo kwa kawaida linarudisha makala yasiyofika robo ya uzito wa kuni zilizoingia. Mti ule mkubwa wote, uliotuchukua dakika zile zote kuuona ukikatwa, mwishowe unatosha kwenye baiskeli moja. Hakuna sauti inayotuambia hesabu hiyo. Tumeiona kwa macho, na tumeiona kwa sababu tu hatukuharakishwa.

Umbali nao ni ushahidi. Hakuna mtu anayesukuma baiskeli iliyoelemewa kilomita 50 kama miti inapatikana nyuma ya nyumba za mjini. Urefu wa safari ya Kabwita ndio unaoeleza jinsi Kolwezi ilivyokwisha kula pori lililokuwa karibu nayo, na Lubumbashi inajua habari hiyo vizuri zaidi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 katikati ya miombo, pori la miti ya muputu na jamaa zake lililoenea katika Haut-Katanga, Zambia, hadi Tanzania. Leo magunia yanayouzwa kwenye mitaa yake ya Kenya, Katuba na Ruashi yanatoka mbali kwenye barabara za Kasenga, Likasi na Kasumbalesa, na kila mwenye kununua anajua kwamba gunia linapanda bei jinsi pori linavyosogea nyuma. Miombo si pori dhaifu. Likikatwa na kuachwa, visiki vyake vinachipua, na baada ya miaka mingi miti inasimama tena. Lakini lisipoachwa, likakatwa tena kabla ya wakati, likachomwa moto kila kiangazi na kufunguliwa mashamba bila kupumzishwa, visiki vinakufa, na pamoja navyo vinaondoka uyoga, asali na viwavi wanaoliwa, vitu ambavyo pori hili limewalisha watu tangu zamani. Hilo ndilo janga la filamu hii. Haliji na mlipuko, linakuja kwa kasi ya baiskeli inayosukumwa.

Kuna jambo la pili ambalo mfano wa Sisifo unalifunika, nalo linanikera zaidi. Sisifo alihukumiwa na miungu, na hukumu ya miungu haina wa kuulizwa. Ukimwita Kabwita Sisifo, unageuza mambo yaliyoamuliwa na watu kuwa majaaliwa. Mwaka 1982 ilikamilika njia ya umeme kutoka bwawa la Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, hadi Kolwezi, urefu wa kilomita 1,700 hivi, mojawapo ya njia ndefu kuliko zote duniani wakati huo. Ilijengwa ili kuipelekea migodi ya Katanga nguvu. Ilivuka vijiji na mapori ya nusu nchi bila kuviwashia taa, ikafika kwenye mashine za shaba, na jikoni za miji ya migodi zikabaki na mbabula, majiko ya makaa. Hata kwenye nyumba zilizounganishwa na SNEL, shirika la umeme la taifa, umeme unapokatika saa ya kupika, makala ndiyo yanayotegemewa. Malori yanayompita Kabwita yakimfunika vumbi yanapita katika nchi ya shaba na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka huku, kwenda kwenye betri za magari ambayo wenye nchi tajiri wanayanunua wakiamini yatawaepusha na maafa ya hali ya hewa. Yote haya yamo ndani ya fremu ileile: mtu mwenye mti uliochomwa, na lori la mgodi. Mhakiki aliyeona hapo hadithi ya kale ya Kigiriki aliangalia mahali sahihi akasoma kitu kingine.

Labda kosa hilo linatokana na namna sinema ya taratibu ya Ulaya ilivyowazoesha wahakiki kulisubiri janga. Andrei Tarkovsky alitengeneza Sadaka kwenye kisiwa cha Gotland, Sweden, na filamu hiyo ikaonyeshwa Cannes mwezi wa tano 1986, siku chache baada ya mtambo wa Chernobyl kulipuka tarehe 26 Aprili. Ndani yake familia moja inapata habari ya vita vya nyuklia, na mtazamaji anakaa na woga wao saa nzima na zaidi. Béla Tarr wa Hungaria, katika Farasi wa Turin ya mwaka 2011, anaonyesha siku sita za baba na binti wakila viazi huku upepo ukivuma, kisima kikikauka, taa ikikataa kuwaka. Mwaka huohuo Lars von Trier alileta Melancholia, ambamo sayari nzima inaigonga dunia. Ni kazi kubwa, hasa ile ya Tarr. Lakini katika zote tatu maafa yanatoka nje: yanatangazwa, yanavuma, yanashuka kutoka angani, na watu wamo ndani ya nyumba wakiyangoja. Mhakiki aliyefunzwa na filamu hizo anajua kulitambua janga kwa dalili zake za usiku mmoja. Janga ambalo limo ndani ya kazi ya mikono, ambalo anayelisukuma mbele ni baba wa watoto anayetaka mabati ya nyumba, linampita, kwa sababu hajalijengea jina. Rob Nixon, mwandishi wa Afrika Kusini anayefundisha Marekani, aliandika kitabu mwaka 2011 kuhusu aina hiyo ya maangamizi: yale yanayowapata maskini polepole mno kiasi kwamba magazeti hayana siku ya kuyatangaza. Makala inaingia katika hoja yake barabara, kwa sababu janga lisilo na siku linahitaji filamu isiyo na haraka.

Wapo watakaosema, na wanasema, kwamba filamu za namna hii ni za wageni. Mwafrika, wanadai, anataka kisa chenye mwendo, ngumi, mapenzi na kicheko, na vyumba vya video vya mitaani havijawahi kujaa kwa ajili ya mtu anayesukuma baiskeli. Sehemu ya pili ya dai hilo ni kweli kwa jumla, ingawa inasema zaidi juu ya filamu zinazoletwa kuliko juu ya watu wanaozitazama. Sehemu ya kwanza haisimami hata kidogo. Lubumbashi ni mji ambao watu wanakaa kilioni siku kadhaa mfululizo, wakisikiliza nyimbo zilezile na maneno yaleyale, na hakuna anayelalamika kwamba kilio kinachosha, maana kila mtu anajua kwamba jambo zito linataka muda wake. Kasala, utungo wa sifa wa Waluba, inamtaja mtu pamoja na ukoo wake, mito yake na wafu wake, na haikatwi katikati kwa kuwa msikilizaji ana shughuli. Filamu yenyewe inaishia katika mkesha wa maombi huko Kolwezi, ambako Kabwita anaomba pamoja na umati usiku, na hakuna mtu wa Lubumbashi anayehitaji kuelezwa uvumilivu wa mikesha. Na watengenezaji wa Afrika wamekwisha kuonyesha kwamba utaratibu si mali ya Ulaya. Lemohang Jeremiah Mosese wa Lesotho, katika filamu yake ya mwaka 2019 kuhusu mama mzee ambaye makaburi ya kijiji chake yatafunikwa na maji ya bwawa, alikwenda kwa mwendo wa maombolezo ya nyumbani, na tamasha la Sundance likamtuza mwaka 2020.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na halistahili kujibiwa kwa mkato. Mzungu mwenye kamera anatembea kandoni mwa Mwafrika anayetoka jasho, anampiga picha akianguka na kuinuka, kisha anaenda Cannes kupokea tuzo. Kwa nini hakushika baiskeli? Swali hilo liliulizwa tangu filamu ilipoanza kuonyeshwa, na naona ni haki liulizwe. Gras alichagua kujiondoa kabisa kwenye picha, na kwa kufanya hivyo aliwanyima watazamaji habari muhimu: Kabwita alikubaliana naye nini, safari ipi ilipigwa na kwa masharti gani, nani alibeba chakula na maji. Utaratibu wa picha nzuri unaweza kabisa kumfanya mtazamaji alewe uzuri wa mateso ya mwingine, na baadhi ya sifa zilizoandikwa kuhusu mwanga wa vumbi zina harufu ya ulevi huo. Hata hivyo kasoro hiyo haiko kwenye mwendo wa filamu. Ripoti ya televisheni ya dakika tatu ingemtendea Kabwita vibaya zaidi: ingemwonyesha akisukuma kwa sekunde kumi, ikamweka mtaalamu aseme anaharibu mazingira, ikamaliza. Katika Makala tunamwona mkewe Lydie akimhudumia, tunamwona akipeleka kitu kwa binti yake anayelelewa mjini kwa ndugu, tunawaona wanaume waliosimama njiani karibu na mji wakimdai chochote ndipo apite, na tunasikia wanunuzi wakimshusha bei. Huyu hawezi tena kuitwa adui wa pori. Ili kufika hapo, ilibidi tukae naye muda mrefu.

Jambo moja katika zile sehemu za mwisho limewekwa wazi kwa masikio yetu kuliko kwa macho ya waliosoma maandishi ya chini ya picha. Kabwita akibishana bei na mama mnunuzi, wote wawili wanajua kwamba mama huyo naye hana kitu. Heshima haivunjiki, wala bei haipandi. Asiyejua lugha anaona mchuuzi anaonewa. Anayeijua anasikia maskini wawili wakigawana hasara ambayo hakuna kati yao aliyeianzisha. Hapo ndipo uhakiki wa Kiswahili ungekuwa na kitu cha kuwaongezea wahakiki wa Paris, na kwa bahati mbaya karibu yote yaliyoandikwa juu ya filamu hii yameandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza.

Anaweza kusimama mwingine akasema ninaisingizia filamu mambo ambayo mtengenezaji hakuyakusudia: kwamba alitaka kupiga picha ya kazi, na neno la pori kuisha halimo. Ni kweli halitamkwi. Lakini filamu ya hali halisi inashika zaidi ya inachokusudia, maana kamera haiwezi kupiga picha ya mtu barabarani bila kupiga picha ya barabara na ya kilima kilichobaki nyuma yake. Pori lililopungua limo kwenye picha, umbali umo, malori yamo. Mhakiki hana ruhusa ya kubuni kisichoonekana. Kinachoonekana, hata kama mwenye kamera alikuwa akitazama pembeni, ni halali yake kukisoma.

Tena hapa Katanga wapo waliokusudia waziwazi. Frank Mukunday na Tétshim, wasanii wa Lubumbashi, walitoa Machini mwaka 2019, filamu fupi ya vikatuni ya dakika kumi hivi iliyotengenezwa kwa mawe na michoro ya chaki, kuhusu watu wanaoishi chini ya viwanda vya madini na sumu yake. Wamesogeza mawe kidogo kidogo kwa mkono, picha kwa picha, na mawe hayo ndiyo watu wenyewe. Ni kazi ya polepole kuliko zote nilizozitaja, ingawa ndiyo fupi kuliko zote. Naye Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, aliyejulikana kwanza kwa picha za Mémoire ambamo aliwaweka vibarua wa enzi za ukoloni juu ya magofu ya kampuni ya madini ya Gécamines, na ambaye ni mmoja wa waanzilishi wa Picha, kituo kilicholeta tamasha la sanaa la Lubumbashi tangu 2008, alipeleka filamu yake ndefu L'Arbre de l'authenticité kwenye tamasha la Rotterdam mwanzoni mwa mwaka 2025, akapata tuzo maalumu ya jopo.

Filamu hiyo inakwenda Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo na misitu kando ya mto Kongo, magharibi ya Kisangani, ambako Wabelgiji walijenga makao ya INEAC, taasisi waliyoianzisha mwaka 1933. Baloji anawapa sauti watu wawili waliokufa. Mmoja ni Paul Panda Farnana, Mkongo aliyesomea kilimo Ubelgiji, akafungwa Ujerumani katika vita ya kwanza ya dunia, akatetea haki za Wakongo hadi alipofariki mwaka 1930. Wa pili ni Abiron Beirnaert, Mbelgiji aliyetafiti michikichi Yangambi na kufa mwaka 1941. Baada yao anazungumza mti. Kamera inapita polepole kwenye maabara zilizochakaa, kabati za nyaraka, na mnara mpya unaopima hewa ya kaboni juu ya msitu. Hapa hakuna mhakiki anayeweza kulikosa janga, kwa sababu limetajwa kwa jina, pamoja na asili yake: mashamba makubwa ya ukoloni na sayansi iliyoyatumikia. Nadhani Baloji ameutwisha mti maneno mengi kuliko unavyohitaji, na Makala, ambayo haikuupa mti wake neno hata moja, ilimfikisha mtazamaji karibu zaidi na anguko lake. Lakini Makala haimwambii mtazamaji nani aliamua kwamba umeme uende mgodini na moto wa jikoni ubaki wa kuni, wakati filamu ya Baloji inajua kuuliza nani aliamua nini, mwaka gani, kwa faida ya nani. Inachokosa ni mtu wa kumfuata barabarani kutwa nzima. Zikionyeshwa Lubumbashi jioni moja, hiyo ya Kolwezi kwanza na hiyo ya Yangambi baadaye, mtazamaji wa Katuba angekuwa na mambo ya kuzijibu zote mbili ambayo majopo ya Cannes na Rotterdam hayakuwa nayo, kuanzia na bei ya gunia la wiki hiyo na jina la kijiji lilikotoka.